Mwaka wa Kumsubiri Mgeni Rasmi

Dola yetu ni mji mmoja wenye bendera, wimbo, jeshi la watu mia mbili na kumi, na kiti katika mikutano ya kimataifa. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa kuwa halijazinduliwa. Limechongwa kwenye ubao wa marumaru mbele ya Ikulu, likafunikwa kitambaa cha zambarau, na tangu siku ya uhuru linamngojea mgeni rasmi aje alifunue. Kwa sasa tunasema "dola yetu", na barua zetu zinafika.

Mambo ya mwaka uliopita hayataeleweka bila kuieleza kwanza sheria moja, kwa hiyo nitaanza na sheria.

Zamani hafla zetu zilikuwa na ugomvi wa viti. Waziri huyu alidai kochi la mbele ni lake, yule naye akadai ni lake, na siku moja kochi lenyewe lilipasuka katikati huku kila mmoja ameshika upande wake. Serikali ikaunda Tume ya Kuchunguza Nani ni Nani. Tume ilifanya kazi miezi kumi na minane. Ilihudhuria hafla mia tatu na nne, ikaandika kwa uangalifu nani alifika saa ngapi, na hatimaye ikatoa ugunduzi ambao hakuna aliyeweza kuupinga: katika kila hafla, mtu mkubwa kuliko wote ndiye aliyefika mwisho. Bunge likaupokea ugunduzi huo kwa vigelegele na kuugeuza kuwa Sheria ya Kuwasili. Kifungu cha Nne ndicho kinachotuhusu: "Mgeni rasmi ni yule anayefika mwisho. Kabla hajafika, hafla haitaanza. Na asiyekuwa yeye hatakata utepe."

Sheria hiyo ni nzuri. Imeandikwa kwa lugha fasaha, na haina kosa la chapa hata moja.

Msimamizi wake ni Bwana Fikirini Mahadhi, Mkuu wa Itifaki, mtu mrefu na mwembamba avaaye saa mbili mkononi, moja ya kuisahihisha nyingine. Huketi langoni mwa kila hafla akiwa na Daftari la Kuwasili, na kila aingiaye humwandika jina na dakika. Hajawahi kupokea zawadi wala kukosea hesabu ya dakika. Watu wa namna yake ni wachache, na mara nyingi nimejiuliza dola ingekuwa wapi kama wangekuwa wengi.

*

Wodi ya Wazazi ya Mtaa wa Saba ilikamilika tarehe nne Januari. Ilikuwa na vitanda kumi na viwili, taa kubwa katika chumba cha kujifungulia, na maji ya bomba ya moto na ya baridi. Mkunga mkuu akaajiriwa: Bi. Siwatu Kimeta, mwanamke wa makamo aliyewapokea duniani nusu ya wakazi wa mtaa ule, baadhi yao wakiwa sasa na ndevu. Mlangoni pakafungwa utepe mwekundu, na uzinduzi ukapangwa kufanyika tarehe kumi na tano.

Sharti ieleweke kwamba, kisheria, jengo lenye utepe bado si jengo. Ni nia. Na mtu hawezi kujifungua ndani ya nia.

Kwa hiyo kila asubuhi, saa moja kamili, Bi. Siwatu alifika kazini katika sare nyeupe iliyopigwa pasi, akaketi barazani, nje ya utepe. Sakafu aliifagia kupitia dirishani, kwa ufagio aliouunga kwa fito mbili. Wajawazito aliwapima palepale barazani na kuwaandikia kadi. Siku zao zilipotimia aliwapeleka Hospitali Kuu, upande wa pili wa mji, kwa kupitia Barabara ya Heshima.

Tatizo lilikuwa barabara hiyo. Barabara ya Heshima hufungwa kila kunapokuwa na hafla ili misafara ya viongozi ipite. Lakini kwa kuwa kiongozi mwenye akili hapiti, bali husimama mahali akisubiri wenzake watangulie, barabara hubaki imefungwa. Mwaka uliotangulia, binti pekee wa Bi. Siwatu, Somoe, alishikwa na uchungu siku ya Uzinduzi wa Taa za Barabarani. Gari lililombeba lilizuiwa kwa muda wa saa nne. Mtoto alizaliwa palepale kwenye kizuizi, na hakulia. Askari waliokuwa zamu walivua kofia. Walikuwa vijana waungwana.

Taa zenyewe hazikuwashwa.

*

Tarehe kumi na tano Januari wananchi tulifika kwenye wodi saa mbili asubuhi, kama kadi zilivyosema. Wakurugenzi walifika saa sita, mawaziri saa nane. Wakabaki watu wawili tu: Mheshimiwa Mlezi Mkuu, ambaye ndiye Mkuu wa Dola, na Mheshimiwa Gaspari Lukwele, Waziri wa Hafla. Kila mmoja alikuwa ndani ya gari lake kwenye kona ya kituo cha mafuta, mita mia tatu kutoka langoni, injini ikinguruma, akimsubiri mwenzake atangulie. Saa kumi na mbili jioni magari yote mawili yaligeuza, yakarudi nyumbani.

Wengi walidhani ni bahati mbaya. Maana yake tuliiona mwezi Machi, katika Siku ya Kupanda Mti. Mlezi Mkuu alikwisha kuketi kwenye kochi, bendi imekwisha kupiga wimbo, mara gari la Waziri Lukwele likaingia likiwa limechelewa kwa dakika nne. Alisema alipata pancha. Bwana Fikirini alitazama saa ya kwanza, akatazama ya pili, akaandika. Kwa mujibu wa Kifungu cha Nne, Lukwele akawa mgeni rasmi. Akapanda mti. Jeshi likampigia saluti. Balozi mbili zikamletea salamu za pongezi kwa kushika madaraka, na Mlezi Mkuu alishinda hafla nzima amesimama, ameshika ndoo ya kumwagilia.

Kesho yake magazeti ya serikali yaliliita tukio hilo "jaribio la mapinduzi kwa njia ya pancha". Lukwele hakufukuzwa kazi, kwa sababu waziri hufukuzwa katika hafla maalumu, na kwenye hafla hiyo hajafika mpaka leo. Lakini tangu siku ile kila mmoja wao aliweka mtu mwenye darubini juu ya paa la kituo cha mafuta amchunguze mwenzake, na hakuna aliyekubali tena kutangulia.

*

Mwishoni mwa Aprili Somoe alimnong'oneza mama yake. Bi. Siwatu akahesabu kwenye vidole, akafika Desemba. Siku hiyohiyo alikwenda ofisini kwa Bwana Fikirini.

"Hodi."

"Karibu, Bi. Siwatu. Umefika saa tano na dakika mbili."

"Ahsante. Nimekuja kuulizia ile wodi."

"Imo kwenye kalenda."

"Lini?"

"Tarehe kumi na tano Januari."

"Bwana Fikirini, leo tumo Aprili."

"Najua. Hafla ya tarehe kumi na tano Januari inaendelea. Wageni hawajatimia tu. Nimeweka karani langoni na daftari."

Bi. Siwatu alimfahamu karani huyo. Kila siku saa nne alikuwa akimpelekea uji.

"Mwanangu ana mimba," akasema. "Ya kwanza unaijua ilivyokwisha. Mimi sikuombi bendi wala maturubai. Nyumbani nina mkasi."

Bwana Fikirini aliifunika kalamu yake taratibu. "Hilo sikulisikia. Kukata utepe bila kufika mwisho ni kosa la kujifanya mgeni rasmi. Kifungo ni miaka saba. Nakuheshimu, mama, ndiyo maana sikulisikia."

"Basi tumwombe na mtoto asisikie miezi tisa ikitimia."

"Desemba ni mbali," akasema Bwana Fikirini kwa upole wa kweli. "Mpaka hapo watakuwa wamefika."

Akamsindikiza hadi mlangoni. Katika daftari akaandika kwamba ameondoka saa tano na dakika tisa.

*

Mwezi Juni tulitembelewa na Rais wa nchi moja ya kaskazini, mahali ambapo treni zikichelewa dakika mbili watu huandika magazetini. Kadi yake ilisema saa tatu asubuhi, naye, kwa kutojua, akafika saa tatu asubuhi. Uwanjani hapakuwa na mtu ila Bwana Fikirini na lori la viti. Sheria iko wazi: anayefika wa kwanza hupanga viti. Mgeni alipanga viti mia nne na hamsini, na ni haki kukiri kwamba mistari ilinyooka kuliko mwaka wowote. Alipofika kwao aliwaambia waandishi kwamba hajapata kuona serikali inayoshirikisha watu kiasi hicho, akatuletea msaada wa saa za ukutani mia nane. Zilitiwa ghalani, zikafungwa utepe.

Agosti zilifanyika Mbio Ndefu za Taifa. Wakimbiaji mia sita walianza vizuri, wakapunguza mwendo kilomita ya thelathini, na wote wakasimama hatua tatu kabla ya mstari wa mwisho, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tangulia, ndugu yangu." Walibaki wakichezesha miguu palepale. Wake zao waliwaletea chakula. Kufikia Oktoba walikuwa wamebaki kumi na mmoja, wenye nidhamu kuliko wote. Mmoja wao alifunga ndoa akiwa hapohapo, na kadhi alipomwambia asogee karibu na bibi harusi, alirudi nyuma hatua moja.

Oktoba hiyohiyo alifariki Spika mstaafu. Familia yake haikukubali ashushwe hadhi siku ya mwisho, kwa hiyo jeneza lilizungushwa mjini ndani ya gari siku mbili mfululizo, mpaka waombolezaji wote walipothibitishwa kuwa wameketi. Marehemu akafika mwisho, akawa mgeni rasmi. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya dola yetu, mgeni rasmi hakutoa hotuba. Watu wengi walishindwa kuyazuia machozi.

Katika miezi yote hiyo Bi. Siwatu alifika kazini saa moja kamili. Aliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa. Ya tatu ilirudishwa, kwa sababu ilifika kabla ya majibu ya pili, na barua inayowahi namna hiyo haiwezi kuwa ya mtu wa maana.

Novemba tumbo la Somoe lilikuwa kubwa kiasi cha kuweka sahani juu yake. Mama yake alimhamishia nyumbani kwake, nyuma ya wodi. Kila Jumapili, ambayo haina hafla, walitembea pamoja hadi Hospitali Kuu ili Somoe aizoee njia. Ilikuwa saa nzima na robo kwa miguu ya mtu mzima asiye na uchungu.

"Mama," Somoe alisema siku moja, "kama itakuwa Jumapili?"

"Ikiwa Jumapili tutashukuru."

"Na kama si Jumapili?"

Bi. Siwatu akaigeukia ile kona ya kituo cha mafuta.

*

Ikawa Jumanne, tarehe kumi na mbili Desemba.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba siku hiyo hafla ya tarehe kumi na tano Januari itamalizwa kwa gharama yoyote. Maturubai yaliyopauka yalibadilishwa. Kochi la mgeni rasmi, lenye vitambaa vyeupe vya kufuma, liliwekwa barazani, hatua tano kutoka kwenye utepe. Mkasi uliopakwa dhahabu uliwekwa juu ya mto wa mahameli. Jikoni mwa muda, nyuma ya turubai, masufuria ya maji ya chai ya wageni yakaanza kuchemka. Saa mbili asubuhi wananchi tulikuwa tumejaa. Saa mbili na dakika kumi misafara miwili ilikuwa kwenye kona. Na Barabara ya Heshima ikafungwa mwanzo hadi mwisho.

Saa nne Somoe alitoka nyuma ya wodi akijishika kiuno. Mama yake alimtazama mara moja tu, akasimama.

"Bwana Fikirini," akasema, "nifungulie barabara, au nifungulie mlango. Kimojawapo."

"Barabara imejaa misafara," akasema Bwana Fikirini, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mlango una utepe."

"Basi mwambie mtoto naye akasubiri pale kituo cha mafuta na wenzake!" akapaza sauti Bi. Chiku, jirani wa Bi. Siwatu, ambaye mdomo wake unajulikana mtaa mzima. "Huenda wakamwekea na petroli!"

Watu wakacheka. Bi. Siwatu hakucheka. "Chiku, leta khanga. Zote. Na wewe karani niliyekunywesha uji mwaka mzima, sogea."

"Lakini, mama, hilo ni kochi la mgeni rasmi!"

"Akija ataambiwa asubiri. Amezoea."

Karani akamgeukia mkubwa wake. Bwana Fikirini alikwisha kuifungua Sheria ya Kuwasili, akaipitia ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na neno lolote juu ya nani asikae kwenye kochi kabla ya mgeni rasmi kufika. Haikupata kutokea mtu akathubutu. "Sheria imenyamaza," akasema, akageuza kiti chake ili awape mgongo kwa adabu.

Wanawake wakalizunguka kochi kwa khanga, bega kwa bega. Kilichoendelea ndani hakikuwa cha kutazamwa nasi, na hatukukitazama. Tuliisikia tu sauti ya Bi. Siwatu, ya chini, isiyobadilika: "Pumua. Bado. Pumua, mwanangu. Sasa bado." Ikawa saa tano, saa sita, saa saba. Mara mbili alimtuma Chiku langoni aulize kama barabara imefunguliwa. Mara mbili Chiku alirudi, na mara ya pili hakuwa na la kuchekesha.

Saa saba na nusu kulitokea jambo lisilotarajiwa. Waziri Lukwele, aliyekuwa ndani ya gari tangu asubuhi na chupa mbili za maji ya machungwa, alishindwa kuvumilia. Aliingia langoni akikimbia, amekunja magoti.

"Choo kiko wapi?"

"Ndani ya wodi, Mheshimiwa," akasema Bwana Fikirini, akiandika. "Nyuma ya utepe."

Lukwele alitazama utepe, akatazama umati, akaketi polepole sana.

Juu ya paa la kituo cha mafuta mtu wa darubini alipunga bendera. Ving'ora vikalia, bendi ikapiga, na saa nane kasoro dakika tano Mlezi Mkuu aliingia, akitabasamu kama mtu aliyeshinda vita vya mwaka mzima. Bwana Fikirini akamwandika. Hapakubaki mtu mwingine yeyote katika orodha.

"Nani yuko kwenye kochi langu?" akauliza Mlezi Mkuu.

"Mwananchi, Mheshimiwa."

"Anafanya nini?"

"Anajifungua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuomba, Mheshimiwa. Imemjia."

Kutoka nyuma ya khanga Bi. Siwatu akasema, bila kupandisha sauti: "Mheshimiwa, kata huo utepe sasa hivi. Vifaa vyangu viko ndani."

"Nitakata," akasema Mlezi Mkuu, "baada ya hotuba." Akatoa mfukoni bunda la karatasi, akaanza: "Mheshimiwa Waziri wa Hafla, Waheshimiwa Mawaziri wote, Waheshimiwa Makatibu, Waheshimiwa Makatibu wa Makatibu, Mheshimiwa Kamanda, Mheshimiwa Naibu Kamanda anayekaimu..."

Alikuwa amefika kwa Wakurugenzi Wasaidizi wa Kanda aliposikika mtoto.

Alilia. Kilio kilikuwa kikali, chenye hasira, cha mtu aliyesafirishwa vibaya. Nyuma ya khanga Bi. Siwatu, ambaye amewapokea watoto zaidi ya elfu mbili bila kubabaika, alisikika akisema, "Amelia. Somoe, amelia, umesikia?"

Mlezi Mkuu alisubiri kelele ziishe ili aendelee. Ndipo Bwana Fikirini aliposimama. Aliitazama saa ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akafungua daftari.

"Saa nane na dakika kumi na moja," akasema. "Jinsia?"

"Ya kike!" akapaza Chiku.

"Jina?"

"Bado."

"Litaandikwa likizinduliwa." Akaandika, akapiga mstari kwa rula, akamgeukia Mkuu wa Dola. "Mheshimiwa, naomba ushuke jukwaani. Mgeni rasmi amefika."

Umati wote ukageuka kuzitazama khanga.

"Huyo hakualikwa!" akasema Mlezi Mkuu.

"Sheria haisemi aalikwe. Inasema afike."

"Hakufika! Alikuwapo hapa tangu saa nne, tumboni mwa mama yake! Sote tumemwona!"

Bwana Fikirini alifikiri. Alifikiri kwa haki, kama afanyavyo siku zote, na midomo yake ikisogea. "Hoja hiyo ni nzito, Mheshimiwa," akasema. "Ikiwa aliye tumboni mwa mama yake huhesabiwa kuwa amefika, basi naye aliye tumboni mwa gari, pale kwenye kona, lazima ahesabiwe kuwa amefika. Nitakuandika umefika saa mbili na dakika kumi asubuhi. Utakuwa nyuma ya wakurugenzi. Na kwa hafla ya Machi, utakuwa miongoni mwa wapanga viti. Niandike?"

Waziri Lukwele alianza kuinua mkono ili kuunga hoja mkono, akakumbuka kwamba naye alikuwa kwenye kona ileile, akaushusha.

"Usiandike," akasema Mlezi Mkuu.

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu wa kupendeza. Mgeni rasmi hakuweza kuufuata utepe, kwa kuwa alikuwa bado ameunganishwa na mama yake. Kwa hiyo mawaziri wanne walilibeba kochi, Somoe akiwa juu yake na khanga zikitembea pembeni, mpaka mlangoni. Bi. Siwatu alikwisha kuuchemsha mkasi wa dhahabu katika maji ya chai ya wageni. Aliushika, akaviweka juu yake vidole vitano vya mjukuu wake, vyekundu, vidogo kama njugu, na kwa pamoja wakaukata utepe. Wodi ikawa jengo. Waziri Lukwele akapita katikati yetu kama mshale, na hatukumwona tena kwa robo saa.

Kipande cha utepe kikachemshwa nacho, kikafunga kitovu. Mkasi ukachemshwa mara ya pili, ukakikata. Bi. Siwatu alisema baadaye kwamba katika miaka thelathini ya kazi hajapata kutumia mkasi butu kama ule, lakini ulifanya kazi moja ya maana, na mikasi mingi ya serikali haijapata bahati hiyo.

Mgeni rasmi kisha alitoa hotuba. Ilichukua dakika nne, na ilikuwa fupi kuliko hotuba zote zilizopata kutolewa katika dola yetu. Magazeti yaliandika kwamba aligusia mambo mengi na kwamba hakuficha hisia zake. Baada ya hapo akapelekwa kitanda namba moja, akanyonya, akalala. Bwana Fikirini aliandika chini ya ukurasa wa tarehe kumi na tano Januari: "Hafla imefungwa," akamrudishia karani uhuru wake, na nadhani, ingawa alikuwa ametupa mgongo, alijifuta macho.

Mwaka mpya umeanza, na hali ya dola ni kama ifuatavyo. Kwa kuwa mtoto huyo ndiye wa mwisho kuandikwa katika daftari, hakuna aliye juu yake. Mlezi Mkuu na mawaziri wake wote hawawezi kurudisha vyeo vyao mpaka afike kwenye hafla nyingine nao wafike baada yake. Hivyo serikali nzima imehamia kwenye kona ya kituo cha mafuta. Magari yamepangwa mistari minne nyuma ya pampu, injini zinanguruma, na juu ya paa watu wa darubini wanaitazama nyumba ya Bi. Siwatu kwa zamu. Kwingineko barabara zote ziko wazi. Gari la wagonjwa sasa hufika Hospitali Kuu kwa dakika kumi na mbili.

Mgeni rasmi hutoka mara moja tu kwa siku, mgongoni mwa bibi yake, wakienda kununua dagaa. Njiani, kila wakiona utepe, hushika mkasi pamoja. Wiki iliyopita walizindua taa za barabarani, mabomba sita, zahanati moja, na saa za ukutani mia nane. Habari inapofika kwenye kona, na magari yanapoanza kugombania nafasi ya kutochelewa kuchelewa, wao wamekwisha kurudi nyumbani wanapika.

Umebaki ubao wa marumaru mbele ya Ikulu. Jana asubuhi Bwana Fikirini alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa Bi. Siwatu, daftari kwapani, akiwa amevaa saa zake zote mbili.

"Hodi," akasema. "Tunauliza kama mgeni rasmi anaweza kuja kulifunua jina la nchi."

"Amelala," akasema Bi. Siwatu.

"Ataamka saa ngapi?"

"Akiamka."

Bwana Fikirini aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akavua viatu, akaondoka kwa ncha za vidole. Nasi tunaomba wale wa kwenye kona, kama kuna atakayeweza kuwafikishia ujumbe, wapunguze ngurumo za injini.